Namba Moja Katika Simu Zote

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Nimedanganya kwa maandishi.

Kampuni moja ya intaneti ilitangaza kazi: kujibu wateja wenye shida za mtandao wa nyumbani. Kujibu kwa kuandika tu. Hakuna kusema! Kama vile kazi yenyewe ilishonwa kwa vipimo vyangu. Wakauliza kama nina ujuzi. Nikaandika: "Ninaelewa mtandao wa nyumbani kwa undani." Undani gani! Ninachojua ni kuzima na kuwasha.

Leo wamejibu. Usaili ni Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa video. Wataniona uso! Ujumbe nimeusomea bafuni, mlango nimeufunga. Kaka asijue. Siku ya mahafali nilisimama kutoa shukrani kwa niaba ya darasa, nikakaa chini bila kutoa neno hata moja. Tangu hapo ananiita Redio. Akiwa na wageni anaongeza: isiyo na betri. Nikishindwa tena, jina hilo nitazeeka nalo.

Basi najifunza. Nimehifadhi kwenye simu makala ndefu kuhusu mtandao wa nyumbani. Nimesoma nusu. Nusu inatosha kwa kuanzia. Sebuleni, juu ya kabati fupi, karibu na boksi la vifungo la Mama (Mama ni fundi cherehani), kuna visanduku viwili. Miaka yote nilidhani cheusi ni cha akiba. Kumbe! Cheusi ni modemu: kinapokea intaneti kutoka kwenye waya wa nje. Cheupe ni ruta: kinaigawa kwa simu zetu. Modemu huleta jora la kitambaa hadi mlangoni, ruta ndiyo mkasi. Nimejipongeza.

Halafu, katika mipangilio ya simu, nikaona mstari unaosema Lango. Mbele yake namba: 192.168.1.1. Siyo namba ya simu yangu. Yangu imeandikwa juu yake, na ni nyingine.

Sasa huyu ni nani?

Jumanne, 4 Machi

Nimechunguza simu ya Mama akiwa anakata kitambaa. Lango: 192.168.1.1. Simu ya Kaka, akiwa anaoga. Hiyo hiyo! Ya Bibi ilikuwa ngumu, maana Bibi haachi kutazama mieleka. Nikamwambia nataka kumsafishia kioo. Akasema nisafishe tu, lakini nikiziba ulingo atanionyesha mieleka ya kweli. Nimesafisha pembeni, kidole kimoja kikafanya kazi yake. Hiyo hiyo!

Kuna mtu yumo katika simu zote za nyumba hii. Sisi kila mmoja ana namba yake. Yeye ana moja, na yuko kila mahali. Vipimo vya viuno vya wateja wote, vilivyomo kwenye simu ya Mama, anavijua. Na ujumbe wangu wa usaili je?

Nikaiandika namba yake kwenye kivinjari nione atasemaje. Ukafunguka ukurasa mweupe, mtupu, wenye picha ya kufuli. Unataka jina na neno la siri. Asiye na hatia anaweka kufuli la nini?

Namshuku jirani wa juu. Tunamwita Miwani. Anafanya kazi kwa kompyuta, nyumbani, mlango umefungwa. Tukikutana kwenye ngazi ananitabasamia. Mimi! Sijawahi hata kumjibu salamu kwa sauti inayosikika. Na mwezi uliopita alimuuliza Mama kama intaneti yetu iko sawa. Watu huuliza hali ya watoto, hali ya mgonjwa. Nani huulizia hali ya intaneti ya watu?

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na nyumba hii imejaa nguo.

Jumatano, 5 Machi

Amethubutu!

Nimenyanyua kisanduku cheupe nifute vumbi. Chini yake kuna stika. Juu ya stika: 192.168.1.1. Ameacha namba yake ndani ya nyumba yetu! Chini ya namba kuna jina, na neno refu la herufi na tarakimu zilizochanganywa. Lugha ya siri ya wapelelezi, bila shaka.

Maana yake aliingia. Nikamuuliza Mama, kwa kuzunguka sana, kama Miwani amewahi kufika humu. Akasema ndiyo, alileta suruali ipunguzwe. Suruali! Nimekwenda kuziangalia suruali zake kwenye kamba ya kuanikia. Zote zimepunguzwa. Kwa hiyo alikuja mara nyingi.

Sikupoteza muda. Maji ya moto, sabuni, wembe wa Mama wa kufumulia mishono. Stika ikatoka vipande vipande. Nikavitupa chooni, nikavuta maji. Sasa chini ya kisanduku kunang'aa kama sahani ya mgeni. Kaka akauliza mbona ruta imelowa. Nikasema vumbi. Akatangaza kwa nyumba nzima kwamba leo Redio imeshika masafa, neno zima limesikika.

Cheka tu. Wewe hujui ninakuokoa na nini.

Alhamisi, 6 Machi

Namba bado imo kwenye simu zote. Huyu ana roho ngumu.

Nikarudi kwenye makala. Inasema ukitaka ruta iwasahau wote waliowahi kuingia, bonyeza tundu dogo la nyuma kwa pini hadi taa zizime. Hapo nikaacha kusoma, nikaenda kwenye kijimto cha pini cha Mama.

Nikabonyeza. Taa zikazima. Zikawaka upya, moja moja. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mtu mwenye furaha.

Mama akapiga ukelele. Bibi harusi mmoja, mteja wake, alikuwa anamtumia picha ya gauni analolitaka, na picha imeishia shingoni. Mtandao umebadilika jina, unadai neno la siri, na lile la zamani haulitaki tena. Kaka akailaumu kampuni inayotuuzia intaneti. Mama akailaumu mieleka. Bibi akasema mieleka haijawahi kuvunja kitu ila mbavu, na hizo ni za wenyewe.

Nikafungua nusu ya pili ya makala. Mstari wa kwanza: anwani ya lango ni anwani ya ruta yenyewe, vifaa vyote vya nyumbani hupita hapo kwenda nje, ndiyo maana namba huwa ni moja kwa wote. Mstari wa pili: ukishabonyeza tundu, ruta hurudia neno la siri la kiwandani, lililoandikwa kwenye stika chini yake.

Nikakaa sakafuni.

Niliyekuwa namwinda ni kisanduku chetu wenyewe. Na nimemnyoa jina lake kwa wembe!

Fundi wa kampuni amesema atakuja Jumamosi. Usaili ni kesho! Nikawa natafuta la kufanya, kumbe Mama ameshapanda juu kumwita Miwani. Akashuka. Akakipindua kisanduku. Akakitazama sana. Akauliza, taratibu, ni nani aliyekiosha. Bibi akasema hii ni nyumba ya watu wasafi.

Nilikuwa nimesoma hadi mwisho safari hii. Stika kama ile hubandikwa pia kwenye boksi ambalo ruta ilikuja nalo. Na boksi hilo nalijua. Limejaa vifungo! Lakini nikisema, nitaulizwa ya chini imekwenda wapi. Nikainuka kwenda kumletea mgeni maji. Kiwiko changu kikapita juu ya kabati. Boksi chini! Vifungo vikatawanyika hadi uvunguni mwa kochi. Mama akaniita kwa majina yangu yote matatu. Lakini boksi lilitua miguuni pa Miwani, stika juu. Nilikuwa nimepima.

Akaisoma. Mtandao ukarudi. Gauni likaendelea kushuka kutoka shingoni, Mama akamsifu mno Miwani. Mimi nikaokota vifungo.

Akaeleza kwamba mwezi ule aliulizia intaneti yetu kwa sababu waya wa nje ni mmoja: ikikatika kwetu, kwake pia hukatika. Maelezo mazuri. Mazuri mno. Ameyatayarisha lini?

Mlangoni akainama, akanong'ona: "Mdogo wangu, ulikuwa unamfukuza nani?"

Amejuaje?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeazima kompyuta ya Kaka. Nilisema nataka kutazama mitindo ya nywele. Akasema haya, Redio sasa inataka kuwa televisheni. Nikajifungia chumbani.

Akatokea mwanamke mwenye sauti ya upole. Akaniuliza: mteja ameona namba ya lango kwenye simu yake, ameingiwa na hofu, utamjibu nini? Mahafali yaleyale! Nikajiona kwenye kioo cha kompyuta, mdomo unafunguka na kufumba kama wa samaki. Nikanyoosha kidole kwenye sehemu ya kuandikia. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika:

"Usiogope, siyo mtu. Ni mlango wa nyumba yako mwenyewe. Nyote mnapita hapo, ndiyo maana namba ni moja. Tafadhali usiibandue stika."

Akacheka hadi akajishika kifua. Akasema kuna wateja hubandua kweli, ila hakuna msailiwa aliyewahi kulitaja hilo. Akauliza nimelijulia wapi. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka, safi, kama ya mtangazaji. Nikasema tuna jirani hapo juu, maskini, tunamwita Miwani. Ndiye aliyeibandua ya kwake.

Nimepata kazi! Mama amelia hadi kwenye gauni la bibi harusi. Bibi amesimamisha mieleka, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kaka amesema Redio imepata betri, kisha akanikumbatia vibaya, kama anayebeba gunia.

Jioni, kama mfanyakazi, nikaingia kwa simu yangu kwenye ule ukurasa wenye kufuli. Sasa ninalo neno la siri, lile la kwenye boksi. Kuna orodha ya vifaa vyote vilivyowahi kuunganishwa. Simu ya Mama, ya Bibi, ya Kaka, yangu. Lakini kuna pia cha tano. Jina lake ni herufi na tarakimu tupu. Sikijui! Kiliingia leo kwa mara ya kwanza, saa nne kasoro kidogo. Kikakaa muda wote wa usaili wangu. Nilipomaliza tu, kikatoka.

Mtu alikuwa ananisikiliza.

Nimeiazima tena kompyuta ya Kaka nimfuatilie vizuri. Nilipoiwasha tu, na yeye akaingia! Nikaizima. Akatoka! Ananifuata unyounyo.

Juu nasikia Miwani anatembea. Bibi yuko katikati ya pambano, Mama anapiga pasi, pini ninayo mkononi. Wewe uliyesoma mpaka hapa, hujaona kitu, hujasikia kitu. Lifiche kifuani mwako. Usimwambie yeyote, na wa juu ndiyo kabisa.