Betri Yenu Haiingii Kitakoni

Hasina, Mama Nuriya,
Kulesa, upande wa mto,
kwa njia ya Garsen.

Jumamosi, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu.

Kwa Mkuu wa Kiwanda cha Bunduki za Mchezo,
Ng'ambo.

(Kwa mkono wa shemeji yangu Farid, Mombasa, atakayempa mwenye duka, atakayempa aliyemletea mzigo, hivyo hivyo mpaka ifike.)

Ndugu Mkuu wa Kiwanda,

MINTARAFU: KITAKO KINACHOMZUIA MUME WANGU KUMWONA MTOTO

Kwanza nakusalimu wewe, na mafundi wako, na wake za mafundi wako, maana hao naamini watanielewa kabla sijamaliza.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Nuriya, wa miezi saba. Nilizaliwa Kipini nikaolewa huku Kulesa na Adnan, mkulima. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikikosea jina la chuma chenu chochote mnisamehe. Malalamiko yenyewe hayana makosa.

Mambo yalianza hivi. Tuna shamba la mahindi kando ya mto, na tumbili wamelijua. Miaka yote Adnan huamia kwa debe na mdomo: anapiga debe, anapiga makelele, wanaondoka. Mwezi huu nduguye Farid akatuletea bunduki yenu, ile ya mchezo inayotupa vidonge vya plastiki kwa nguvu ya betri. Akasema, "Wewe piga lile bati kuukuu la shambani, lilie tu, hutawaona tena." Hatukukusudia kumuumiza mnyama. Na bunduki yenyewe ni nzuri, nyepesi, nyeusi tii. Ina kitako cha kuvuta na kurudisha, kama mkono wa mwavuli, na karatasi yenu ina mshale unaoonyesha kwamba betri hukaa humo ndani ya kitako. Chini ya mshale kuna picha ya mtu anacheka. Mume wangu hajacheka tangu siku hiyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Betri haiingii. Ni vipande viwili vyembamba vilivyoshikana kwa waya, na katikati ya kitako mmepitisha bomba. Adnan anavisukuma vyote viwili kwa pamoja chini ya bomba. Betri ikiingia, waya unabaki nje. Waya ukiingia, kifuniko hakifungi. Kifuniko kikifunga, kitako hakirudi. Kitako kikirudi, kifuniko kinaruka, na juzi kiliruka mpaka ndani ya sufuria ya mchuzi wa kambare. Tulikula tukikitafuta.

2. Leo ni siku ya tisa. Mume wangu akitoka sala ya alfajiri yuko mkekani na bisibisi. Jana nilisahau karibu yake bakuli la maji niliyooshea mchele. Aliyanywa yote, akasema asante.

3. Debe lipo, lakini Adnan anasema mtu mwenye bunduki hawezi tena kuonekana anapiga debe, ni aibu. Kwa hiyo debe hapigi na bunduki hapigi. Tumbili wamekaa kitako juu ya ua wakimtazama. Kuna jike moja siku hizi linakuja na mtoto kifuani, nadhani linamfundisha.

4. Hili ni la heshima ya mume wangu, naomba ulisome ukiwa peke yako. Niko katika kikundi cha simu cha kina mama wa kliniki, na anayekiongoza ni Bi Metrine, mhudumu wetu wa afya. Siku ya sita aliandika, "Kina mama wa miezi saba, habari za kitako?" Alikuwa anauliza watoto gani wameshaanza kukaa. Lakini mimi kichwa changu chote kilikuwa kwenye bunduki. Nikajibu, "Kwangu ni shida tupu. Adnan anasukuma mpaka jasho linamtoka, wala haiingii. Leo siku ya sita."

Sijaweka simu chini, majibu yamekuwa kumi na moja. Mmoja akasema papai bivu. Mwingine akasema ukwaju. Wa tatu akasema wa kwake alipona kwa kuchuchumaa. Nikawashukuru wote. Nilidhani papai ni la kulainishia bomba.

Saa nane mchana Bi Metrine akashuka kwenye bodaboda na beseni, chumvi na glavu. Akamwambia mume wangu kwa upole kabisa, "Baba Nuriya, usione haya, hata wakubwa huugua. Nitakuchemshia maji, ukae humu." Adnan hakuelewa, akamwinulia bunduki amwonyeshe tatizo liko wapi. Bi Metrine akarudi nyuma hatua tatu. Akauliza, "Ndiyo hiyo ulikuwa unaisukuma?" Adnan akasema, "Ndiyo, na leo nusura iingie." Sijui dada wa watu aliondoka na habari gani. Najua tu kwamba msikitini sasa wanamwekea mume wangu kiti cha plastiki chenye mto, na Jaldesa, mfugaji wa Minjila anayetuletea maziwa, kila asubuhi anamuuliza, "Vipi jamaa yangu, leo umeweza kuketi?" Mama mkwe naye ameniuliza ninampikia nini mwanawe.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi Alhamisi Nuriya alikaa kitako. Peke yake, bila mto, bila mkono wangu. Alikaa akaitazama mikono yake kama ameletewa kutoka dukani. Nikaita, "Baba Nuriya, njoo umwone mwanao." Akasema, "Subiri kidogo mama, hii inataka kuingia." Nikawa namhesabia mtoto, moja, mbili, tatu, nikijua kila hesabu ni nafasi ya babake kugeuka. Nilifika ishirini na moja. Akalala ubavu, akacheka. Adnan alipogeuka alimkuta yuko chali. Akauliza, "Nini?"

Sasa Nuriya anajiinua kwa magoti na viganja, anayumba mbele na nyuma kama gari lililokwama matopeni. Wiki hii au ijayo atatambaa. Nataka babake amwone siku hiyo, Ndugu Mkuu. Sitaki asimuliwe. Nyinyi mnaweza kutengeneza vitako elfu, lakini siku hiyo hamwezi kututengenezea nyingine.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote:

Kwanza, mtoe kitako katika bunduki zenu zote. Mtu akitaka kukaa ana chake.

Kama hilo ni gumu, kipanueni kiingie betri, waya, na mkono wa mwanamume mzima aliyekasirika.

Kama na hilo ni gumu, mtume fundi. Akae hapa Kulesa mpaka tuvune. Tutampa chumba, chandarua na samaki. Bisibisi asibebe, iko.

Na kama mafundi wote wana kazi, basi fikiri na mimi taratibu. Betri yenu imeniondolea mtu wa kuamia. Aliyeondoa ndiye arudishe. Kwa hiyo itabidi uje wewe mwenyewe. Utakaa shambani na debe, Adnan atakaa na mwanawe. Tumbili hawajui cheo, wiki ya kwanza watakudharau, lakini utawazoea. Ila uje na mkeo na watoto, nisije nikamfanyia mwenzangu hayo niliyofanyiwa mimi.

Sina ubaya na kiwanda chenu. Naamini aliyekichora kitako hakukusudia, labda huko kwenu watu wana vidole vyembamba. Nina matumaini kwamba ukisoma hapa utasimama, uite watu wako, na mtazame upya lile bomba.

Nisalimie wa zamu zote, na anayebandika vibandiko, na yule bwana anayecheka kwenye karatasi, mwambie hatuna kinyongo naye. Mama mkwe anawasalimu. Jaldesa anawasalimu, anauliza kama mna ng'ombe. Nuriya angewasalimu pia ila anaota jino.

Ni mimi ninayengoja jibu au fundi,

Hasina (Mama Nuriya)

TANBIHI: Ndugu Mkuu, barua hii imekaa siku tatu ikingoja mtu wa kuibeba, na mambo yamegeuka. Jumapili nilikuwa namfunga Nuriya mgongoni kwa kanga, mguu huku, mguu huku, macho yangu yakaangukia lile bomba lenu, nikaona kumbe ni mgongo. Nikachomeka plagi ya ule waya kwanza. Halafu nikaipandisha betri kama mtoto, kipande kimoja upande huu wa bomba, kipande cha pili upande ule, waya ukalala juu bila kulazimishwa. Kifuniko kikafunga. Kitako kikarudi mpaka mwisho. Adnan akampokea mtoto ili mimi nikajaribu kidogo.

Bado najaribu. Bati linalia vizuri sana. Kwa hiyo yale malalamiko, la kwanza mpaka la tano, naomba uyafute, na safari uiache. Kitako msikiguse, kiko sawa kabisa. Nitumieni betri ya pili tu, maana hii inaisha kabla sijatosheka. Tumbili hawajaonekana tangu jana, lakini mtu hawezi kujua.

Nuriya ametambaa leo asubuhi, kutoka mkekani mpaka mlangoni. Adnan amemwona mwanzo mpaka mwisho. Anasema aliniita mara tatu. Mimi ya tatu niliisikia.

Ameniomba karatasi iliyobaki na anwani yenu.