Kinanda na Picha Inayoruka

Kinanda alikuwa kwenye duka la fotokopi akisubiri kadi zake za kazi zitoke kwenye mashine. Zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ilimtaja kuwa mshauri wa mabomba, ya pili mthamini wa viwanja, na ya tatu ilikuwa na jina tu, chini yake nafasi tupu, kwa sababu mtu mwenye busara hajui kesho ataamka akiwa bingwa wa nini. Jina la Kinanda alipewa na majirani. Walisema ukimgusa tu anaanza kutoa sauti, na hakuna ajuaye pa kumzimia.

Mara akaingia mwenye duka la magodoro, mzee mnene wa suti ya kijivu, anapunga karatasi kama anafukuza nzi.

"Dada, umenipunja!" akamwambia mwenye mashine. "Nimekutumia barua pepe ya hoteli uichape. Ina kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Mvuke unapanda, unapinda, unapanda tena. Sasa huku uko wapi?"

"Mzee, hii ni karatasi."

"Najua ni karatasi!"

"Karatasi haichezi, mzee."

"Basi nichapie ya rangi."

Kinanda akageuka taratibu. Akavitazama viatu vya yule mzee, ving'avu kama sahani. Akalitazama fungu la funguo lililoning'inia kiunoni. Watu wengine riziki huitafuta kwa jembe, wengine kwa nyavu. Yake ilikuwa imeingia kwa miguu yake yenyewe, tena inalalamika. Akachomoa kalamu, na kwenye ile nafasi tupu ya kadi ya tatu akaandika: Bingwa wa Picha Zinazocheza.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema, akimpa kadi kwa mikono miwili. "Picha yako haijaharibika. Imeona haya tu. Picha hai haipendi kuonekana mbele ya watu wengi."

"Marahaba. Wewe unazijua hizi?"

"Nazijua? Mzee, mimi ndiye ninayezilea."

Hata nusu saa haikupita, wawili hao walikuwa wameketi ofisini kwa mzee, juu ya duka la magodoro, na Kinanda ameshafunguliwa hakuna wa kumfunga. Alimweleza kwamba barua pepe yenye maneno matupu ni sawa na muuzaji aliyelala dukani. Picha iliyotulia ni muuzaji aliyeamka lakini ana uvivu. Lakini picha inayocheza, mzee wangu! Hiyo ni muuzaji anayemshika mteja mkono barabarani na kumwingiza ndani.

"Inakula umeme?" mzee akauliza.

"Inakula macho. Kila anayeitazama anaimega kidogo. Ikishatazamwa mara elfu moja inachoka, inaanza kuchechemea. Ndiyo maana kila mwezi lazima nije niilishe."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa. "Hata ile ya kikombe niliona kama mvuke umeanza kupungua."

"Umeona mwenyewe!" Kinanda akapiga goti lake. "Mzee, wewe una jicho. Wenzako wanalipia masomo miaka mitatu na jicho hilo hawalipati."

Hapo kilemba cha ukoka kilikuwa kimekaa sawasawa kichwani. Likabaki suala la malipo, na kwa malipo mzee alikuwa mkono wa birika. Noti ikitoka mfukoni mwake aliiaga kama msafiri. Kinanda alishalisikia hilo, akasema yeye pesa hashiki, pesa ina maneno. Alitaka magodoro ishirini tu, yale mazuri ya inchi kumi, ya kitambaa cha maua. Mzee akafikiri, akaona godoro likitoka halimwumi kama noti. Akakubali.

"Ila tuandikiane," Kinanda akasema. Alishaponyokwa na mali mara nyingi kwa sababu ya watu kujuta. "Hati ya mzigo, sahihi yako na yangu. Kwamba magodoro haya ni mali yangu na yeyote asiyaguse."

"Haya, tuandikiane."

Sasa ofisini humo, nyuma ya rundo la mito, alikuwapo mpwa wa mzee, binti wa dada yake. Ndiye aliyeshika kompyuta ya duka na ndiye aliyejibu barua za wateja. Alikuwa msichana mpole, wa kusikiliza zaidi ya kusema, na Kinanda alikosea kudhani kwamba huo ni upungufu.

"Dada yangu," Kinanda akamwambia binti huyo, mzee alipotoka kwenda kutafuta mhuri, "mimi kazi yangu ni mawazo. Kule kubonyezabonyeza huwa namwachia msaidizi. Wewe utanisaidia, eti?"

"Sawa, kaka. Utapenda fremu ngapi?"

Kinanda akakunja uso kitaalamu. "Za mbao au za alumini?"

Binti akamtazama kwa muda. Mtu yeyote aliyewahi kugusa kazi ile anajua kwamba picha inayocheza ni picha kadhaa zilizotulia, zinazofuatana upesi, na kila moja huitwa fremu. Binti akainuka, akamfuata mjomba wake kwenye ngazi.

"Mjomba, huyu mtu hajui lolote. Hiyo picha hata mimi naweza kukutengenezea leo hii, tena bure."

"Bure!" mzee akacheka. "Mwanangu, kitu cha bure kina nini ndani? Acha wivu. Mtu amefika na kadi."

Binti hakubishana. Alikaa na mjomba huyo miaka miwili na alijua kwamba kumshauri ni kumpigia ngoma kiziwi. Akarudi kwenye kiti chake, akafungua sanduku la barua, na huko akakutana, kama kila asubuhi, na watu wa ofisi ya bima iliyo ng'ambo ya barabara.

Watu hao walikuwa ishirini. Walichangishana wakanunua magodoro dukani hapo, yale ya bei ya chini ambayo mzee aliapa kuwa yatawazika. Wiki ya sita yote yalikuwa yamebonyea kama mikate iliyokaliwa. Mama wa masjala, ambaye ndiye aliyeandika kwa niaba ya wenzake, alieleza kuwa yeye na mumewe siku hizi hukutana katikati ya kitanda wawe wamepatana au wamegombana. Waliomba wabadilishiwe. Jibu la mzee, ambalo binti aliamriwa kulituma neno kwa neno, lilikuwa: Mmeyalalia vibaya.

Binti akaisoma tena barua hiyo. Kisha akamtazama Kinanda, aliyekuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati. Halafu akatabasamu.

"Kaka, tuanze. Nani ataruka?"

"Kuruka wapi?"

"Juu ya godoro. Picha ya godoro bila mtu haina raha. Nami naona wewe una sura ya kuuza."

Hakuna mlango wa Kinanda uliokuwa mwepesi kufunguka kuliko huo. Akavua koti. Akapanda juu ya meza akaruka, akaanguka kifudifudi juu ya godoro, akadunda, akainuka, akarudia, binti akimpiga picha kwa simu. Mara ya tano alivunja kiegemeo cha kiti na akaomba arudie kwa sababu nywele hazikukaa vizuri. Wateja chini dukani waliuliza kama juu kuna harusi.

"Sasa maneno," binti akasema. "Mjomba amekubali kwamba mteja akinunua manne la tano ni bure. Tuanze na lipi?"

"Anza na tamu, chungu kifuate. Fremu ya kwanza," Kinanda akasema, maana neno lile alikuwa ameshaliiba, "iwe mimi nimetanua mikono, na maandishi makubwa: GODORO BURE! Ya pili naruka. Ya tatu nadunda. Ile habari ya kununua manne iweke mwisho, ndogondogo."

"Una hakika, kaka? Wengine huenda wasifike mwisho."

"Dada, niachie taaluma yangu."

"Basi niandikie hapa kwamba ni wewe umeagiza."

Akaandika, tena kwa mbwembwe, na mstari chini ya jina. Binti akaibana karatasi hiyo pamoja na hati ya mzigo.

Mzee alipoonyeshwa picha, furaha ilimfanya akose pa kukaa. Kinanda mdogo kwenye kioo cha kompyuta alitanua mikono, akaruka, akadunda, akaanza upya, akaruka, akadunda. Mzee aliitazama mara ya ishirini, ya thelathini, kisha akaifunika kwa kiganja kwa hofu. "Isije ikachoka!" akasema. Akatia sahihi hati ya mzigo. Akapiga mhuri mara mbili.

Pikapu ilikuwa tayari nyuma ya duka, magodoro yameshapangwa juu. Kinanda alishampata mwenye gesti fulani wa kuyanunua magodoro yote kwa mkupuo, na alitaka kuondoka kabla picha haijaanza kuulizwa maswali.

"Tumtumie nani kwanza?" binti akauliza, kidole juu ya kitufe.

"Wowote wenye hamu na ninyi," Kinanda akajibu akiwa mlangoni.

"Wapo. Wananiandikia kila siku."

Akabonyeza. Ilikuwa saa sita na dakika hamsini na tano, na saa saba kamili watu wa bima hutoka kwa chakula cha mchana.

Kitu kimoja Kinanda hakukijua, na angekijua kama angekuwa bingwa walau wa nusu siku. Si kila kompyuta huichezesha picha. Zile za ofisi ya bima zilikuwa kuukuu, na kwa barua za namna hiyo zilionyesha fremu ya kwanza tu, basi. Binti aliwahi kuwatumia picha ya pazia linalofunguka na kuonyesha vitanda vipya, wakamjibu wote kwa mshangao: mbona mmetutumia pazia?

Hivyo basi, watu ishirini wasiolala vizuri kwa miezi minne walifungua barua pepe, wakaona mwanamume anayetabasamu, mikono ameitanua kama anawakaribisha nyumbani, na maandishi yaliyojaa kioo: GODORO BURE!

Pikapu ilikuwa inachomoza kwenye kona ya duka. Kinanda, juu ya mzigo, ameegemea godoro la juu kabisa kama sultani, aliona watu wanavuka barabara bila kutazama magari. Mbele yao alikuwa mama mrefu, yule wa masjala, mwenye karatasi iliyochapwa. Mama huyo akaitazama karatasi. Akamtazama Kinanda. Akaitazama karatasi tena.

"Ndiye!" akapiga kelele. "Ndiye mwenyewe! Na ameshatuletea!"

"Jamani! Jamani, subirini!" Kinanda akainuka akitanua mikono, na hilo likawa kosa kubwa, kwa sababu sasa alifanana na picha kabisa. Watu wakashangilia. Dereva akazima gari.

"Ile picha ina mwendelezo!" akalia. "Mnanunua manne kwanza!"

"Mwendelezo uko wapi?" mama wa masjala akauliza, akiigeuza karatasi nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. "Au ni huu?"

"Hiyo ni karatasi, mama! Karatasi haichezi!"

"Na sisi hatuchezi, mwanangu. Shusha."

Kinanda akamwona mzee kwenye ngazi za duka. "Mzee! Waambie! Waambie ofa ni ya duka!"

Mzee akafungua mdomo, kisha akili yake ya biashara ikamvuta shati. Akikubali kuwa ofa ni ya duka, watu hawa wataingia ndani. Akaipunga ile hati ya mzigo. "Yaliyomo humu dukani ni yangu," akatangaza kwa sauti ya hakimu. "Yaliyo kwenye gari ni ya huyo bwana, ametia sahihi. Na ofa ameiagiza yeye, ninayo karatasi yake. Elewaneni naye!"

Baada ya hapo ilikuwa shangwe tupu. Magodoro ya maua yakaanza kuvuka barabara juu ya vichwa, mawili mawili. Magari yakasimama. Mpokea simu wa bima alipita na lake akikimbia kinyumenyume ili asiikose sura ya mwenye ukarimu huo, na mhudumu wa chai alimbusu Kinanda mkononi. Kinanda alirukia hili, akaponyokwa, akarukia lile. Lilipobaki moja akalilalia kifudifudi, akalikumbatia kwa mikono na miguu.

"Hilo ni langu," mama wa masjala akasema.

"Sishuki!"

"Usishuke, baba."

Wenzake wanne wakashika pembe. Wakamvusha barabara akiwa juu yake, kimo cha mabega, huku madereva wakipiga honi kwa heshima.

Ofisini juu ya duka, mzee alikuwa anacheka hadi machozi. "Umeona nilivyomgeuzia kibao? Ameondoka mikono mitupu!" Kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe. "Hebu... yale magodoro ishirini yalitoka wapi?"

"Ghalani kwako, mjomba."

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Lakini tazama," binti akasema, akamgeuzia kompyuta. "Leo hakuna malalamiko hata moja. Na mama wa masjala anasema ofisi yao ya tawi wanataka kununua arobaini. Kwa pesa taslimu. Kama ni yale yale ya maua, na kama nitawauzia mimi."

Mzee akakaa. "Hiyo picha," akauliza kwa sauti ndogo, "nani atakuwa anailisha?"

"Mimi, mjomba. Nikilipwa mshahara kama watu."

Ng'ambo ya barabara, Kinanda alikuwa ameshushwa kwenye sakafu ya mapokezi ya bima, kiatu kimoja hana. Mwanamke mmoja nadhifu, mwenye sauti laini kama hariri, akachuchumaa kando yake na kumpa glasi ya maji.

"Pole sana, kaka. Hebu niambie, umewahi kufikiria hasara inavyoweza kumkuta mtu ghafla, mchana kweupe, akiwa hana kinga yoyote?"

Kinanda akamtazama. Akasikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani alimsikiliza mtu hadi mwisho bila kumkatiza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoona jinsi dunia ilivyo hatari na jinsi dada huyu alivyoletwa na Mungu. Akatoa nauli ya pikapu, ndizo pesa pekee alizobaki nazo, kama malipo ya mwezi wa kwanza. Akatia sahihi kila alipoonyeshwa.

"Na hapa kwenye kazi, niandike nini?"

Kinanda akafuta jasho, akakaa vizuri.

"Andika mwanamitindo," akasema. "Wa magodoro."