Utenzi Ulioniruka

Jumatatu, 8 Agosti 1949. Kilwa Kivinje.

Abdulatifu karudi kutoka Lindi na utenzi. Katunga maisha ya utoto wake, na leo baada ya alasiri kausoma barazani kwa mama yake, Bi Mwahija. Mtaa mzima ulikuwepo. Wanawake ndani, nyuma ya pazia, wakifuta machozi. Mimi nilikaa mbele kabisa na kofia mpya, tayari kusikia jina langu.

Wapi! Kataja kisima. Kataja fimbo ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Mbuzi wa jirani, yule mwenye pembe moja, kapewa beti nne! Mimi Tawakali, rafiki yake wa utotoni, hata herufi. Nikakohoa ili nimkumbushe. Bi Mwahija akaniletea maji.

Jumanne, 9 Agosti

Usingizi haukuja. Tangu mke wangu Mastura arudi kwao Kilangala, nyumba hii ina mimi na paka, na paka mwenyewe anakula kwa jirani. Nikifa leo, nani atasema alinijua?

Nimepata mbinu. Nimempelekea Abdulatifu halua, nikamdokeza kwamba Tawakali ni jina jepesi kulitia katika ubeti. Akacheka. Akanishukuru, akasema utani sijauacha. Halua wakala wageni wake. Sikuonja hata kipande.

Jumatano, 10 Agosti

Dawa ya moto ni moto. Utenzi hujibiwa kwa utenzi! Nimetunga kutwa nzima. Ng'onda za watu, samaki wa kukaushwa, zimebaki juani; mimi dalali wao nina kazi kubwa zaidi. Ubeti wa kwanza:

Abdulatifu sikia,
mimi nipo natulia,
mbona wanipuuzia,
rafiki yako wa kwanza?

Fundi! Lakini watu watadai ushahidi: urafiki gani huo, na ulikuwa wapi? Nimewaza sana. Ushahidi ninao. Tulitiwa jando pamoja, kibanda kimoja cha kumbini, mkeka mmoja. Ubeti wa tatu unaeleza yote.

Alhamisi, 11 Agosti

Balaa.

Leo Abdulatifu kausoma tena utenzi wake barazani; alipomaliza nikasimama, nikaomba nafasi, nikapewa. Beti mbili zikapita salama. Katika wa tatu nikasimulia ya kumbini: nani alilia, nani alimshika mkono, wimbo gani tuliimbishwa. Wazee wakainamisha vichwa. Nikadhani wameduwaa kwa ufundi wangu, nikaurudia ubeti, tena kwa sauti, ili na wanawake ndani wasikie!

Pazia likatikisika. Akina mama wakakimbilia uani wameziba masikio. Mzee Pazi, kungwi wetu wa jandoni enzi za Mjerumani, akanyanyuka na bakora. Akauliza kama nimerogwa. Ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake, mtoto mdogo anajua. Na mimi nilijua. Wakati ule nilikumbuka jina langu tu.

Ijumaa, 12 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa wazee wamekaa. Faini mbuzi, na kuomba radhi kwa kila nyumba. Nimeuliza kama yule wa pembe moja anafaa. Hakuna aliyecheka.

Jioni kabisha hodi Abdulatifu. Nilitegemea matusi. Akakaa, akasema taratibu kwamba mimi na yeye hatukuwahi kucheza pamoja wala kusoma pamoja. Mimi nililetwa kutoka Kilangala kwa ajili ya jando, nikarudishwa kwetu jando lilipovunjwa. Yote aliyo nayo juu yangu yamo kumbini. Angeyasemaje mbele ya mama yake? Pale katika utenzi anaposema "ya huko siyanukuu", alisema, pale ndipo nilipo mimi, ndugu yake. Kila akifika hapo hunikumbuka.

Nililia. Kumbe miaka yote hii nimejihesabia utoto mzima, nao ulikuwa miezi ile tu.

Kanialika kesho kwa chakula baada ya magharibi, mimi na yeye na mama yake basi. Jumapili alfajiri anaondoka na lori la Lindi.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimefua kanzu. Nimenyoa. Nilipokuwa nasubiri adhana nikaanza kufikiri. Mstari mmoja! Na hauna jina! Mpita njia atajuaje kwamba ni mimi? Nikachukua kalamu, dakika mbili tu, niutengeneze, nimpelekee mezani kama zawadi.

Nilipoinua kichwa watu walikuwa wakitoka msikitini kusali isha, na chakula kimeshanipita.

Jumapili, 14 Agosti

Lori limekwenda. Bi Mwahija kanipitia na sahani iliyofunikwa, wali wa nazi na samaki. Kaniambia walinisubiri mpaka chakula kikapoa, na mwanawe kaacha salamu. Nimekula peke yangu. Mtamu sana, nikashindwa kuumaliza.

Sasa nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Ubeti wa tatu ulikuwa mfupi! Watu hawakupata nafasi ya kuelewa. Nimeuongeza, umekuwa beti kumi, na kila kitu cha kumbini kimo. Akija tena Abdulatifu nitasimama mbele yao wote niusome. Leo nimeujaribu kwa sauti, na mlango nimeuacha wazi, labda atapita mtu.