Vita vya Chumvi kwenye Ua wa Matofali wa Nordby

Waliokuwepo: Bi Verna Skogstad, mjane, umri miaka sabini na minane. Bwana Harlan Bjerke, mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kanisa. Bwana Duane Lindahl, mjumbe. Mchungaji Kristin Aune. Nami katibu, mwalimu mstaafu, niliyeandika haya. Hakuna aliyetoa udhuru.

Tegeni basi masikio, enyi mliozoea baridi na enyi mnaoijua kwa kusimuliwa tu, niwape habari za mwanamke aliyesimama peke yake mbele ya ndoo, gunia na kikombe, asirudi nyuma hata hatua moja.

Ua wenyewe uko mbele ya mlango mkuu wa kanisa letu la Kilutheri hapa Nordby, kaskazini mwa Minnesota. Una matofali mekundu elfu mbili, yaliyotandazwa juu ya mchanga, bila saruji, kwa mikono ya marehemu Orville Skogstad katika kiangazi chake cha mwisho. Majivu yake yalimwagwa ziwani kama alivyotaka. Kwa hiyo duniani kote jina lake limechongwa mahali pamoja tu, napo ni kwenye tofali la tatu kutoka ngazini.

Adui wa tofali ni maji. Huingia kwa upole kama mgeni, hulala ndani yake, kisha baridi ikija huganda, huvimba na kuupasua uso wa mwenyeji wake. Chumvi huyeyusha barafu mchana, na usiku maji yake huganda upya, hata tofali likapigwa kwa juma moja mapigo ya majira mazima ya baridi. Basi theluji ya mwaka jana ilipoondoka, Bi Verna, mlinzi wa viungo vya matofali, mng'oa magugu asiyechoka, alipiga magoti akaona uso wa jina la mumewe umebanduka kama ganda la kitunguu, na nusu ya Skogstad haipo.

Hakulia. Mwezi wa Septemba, jua lingali na nguvu, aliuosha ua mzima, akaungoja ukauke siku tatu, akafagilia mchanga mkavu katika kila ufa, akaupaka dawa ya kuzuia maji kwa brashi ndefu. Ilibaki chumvi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa maana Nordby hakuna amwambiaye mwenzake kwamba amekosea. Miaka miwili Bi Verna alikuwa amemshambulia Harlan, mmwaga chumvi wetu, kwa silaha zote zinazoruhusiwa na mila zetu. Alimwambia, "Chumvi mwaka huu naona si kidogo," naye Harlan akajibu, "Ndiyo, si kidogo." Baada ya mapambano hayo makali kila mmoja alikunywa kahawa yake.

Ikafika Jumapili ya pili ya Novemba. Mvua ilinyesha ikaganda ilipogusa ardhi, na kulipokucha ua uling'aa kama kioo. Saa moja na nusu asubuhi Harlan alitokea upande wa mashariki na ndoo yake ya chumvi. Dakika hiyo hiyo Duane alitoka mlango wa chumba cha tanuri la kupashia kanisa joto, gunia begani.

"Duane! Mbona mapema?"

"Nilikuja nikupunguzie kazi, bwana. Kila Jumapili namwaga kidogo kabla hujafika."

"Kila Jumapili? Mimi humwaga kila Jumamosi jioni ili wewe usisumbuke!"

Mchungaji Kristin, aliyekuwa amesimama ngazini, alificha kikombe nyuma ya joho. "Na mimi huongeza tu hapo chini," alisema kwa sauti ndogo. "Wanapokanyaga wazee."

Hivyo ikajulikana kwamba kwa miaka mingi tofali la Orville lilimwagiwa chumvi mara tatu, na watu watatu waungwana, kila mmoja akijificha asimkere mwenzake.

"Wekeni chini."

Tuligeuka. Bi Verna alikuwa kwenye lango, amebeba kwa mikono miwili bakuli la viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa kwa mlo wa baada ya ibada, na mvuke ukimfuka usoni kama moshi wa mizinga.

Harlan hakuiweka ndoo. "Bi Verna, majira kumi na matano ya baridi nimeulinda mlango huu. Mama yangu alivunjika nyonga kwenye ngazi hizi, na tangu siku ile hajaanguka mtu. Akianguka mmoja leo, nimwambie nini? Kwamba matofali yalipendeza?"

"Sitaki mtu aanguke, Harlan. Nataka Orville asifutike." Akavuta pumzi. "Duane, ule mchanga wa chenga uliobaki Septemba uko wapi?"

"Upo. Lakini mchanga hauyeyushi kitu, mama."

"Nani kakwambia uyeyushe? Nataka ushike kiatu."

Duane akamwaga mchanga kutoka langoni hadi ngazini. Bi Verna akainua mguu.

"Nipe hilo bakuli," alisema Harlan.

"Naweza, asante."

"Basi shika mkono wangu."

"Usijisumbue."

Sasa, kwetu mtu hukataa mara mbili, na ya tatu lazima akubali. Harlan alilijua hilo. Alifungua kinywa, akamtazama, akakifunga, asimwombe mara ya tatu. Kwa muda wote niliomfahamu sijamwona akimheshimu mtu kiasi hicho.

Akavuka. Hatua kumi na nne nilizihesabu. Katika ya tisa kiatu cha kushoto kiliteleza upana wa ukucha, na mchungaji akaita jina la Bwana. Mchanga ukakwaruza, kiatu kikashika, na jemadari akaendelea, akaliruka tofali la tatu bila kulikanyaga, akapanda ngazi. Hakikumwagika hata kiazi kimoja.

"Vimepoa kidogo," alisema. "Vipasheni moto."

Nimefundisha historia miaka thelathini na minne, na vita nilivyowakaririsha watoto ni vingi. Sikumbuki kimoja kilichokwisha kwa heshima kama hiki. Harlan alibeba ndoo, gunia na kikombe hadi stoo, akafunga mlango. Kisha, kabla ya wimbo wa kwanza, alisimama mbele ya waumini wote, kofia mkononi, akatangaza:

"Kuanzia leo ua haumwagiwi chumvi. Ni mchanga. Theluji itaondolewa kwa koleo la plastiki. La chuma lisiguse matofali. Nitafanya mimi, na nikiumwa atafanya Duane. Na ninyi wengine mnaopenda kusaidia kimyakimya, tafadhali," na hapa alimtazama Duane, kisha mchungaji, "acheni."