Karata za Kumrudisha Rahel

Jumatatu, 5 Mei 2025. Ihanja.

Rahel ameondoka. Amepanda bodaboda asubuhi na begi lake kwenda kwao Sepuka. Hakuniaga. Yaani ameaga majirani, ameaga mpaka mbuzi, mimi akanipita kama nguzo ya umeme. Na kosa langu ni nini? Kuokoa familia!

Nieleze vizuri, maana mwalimu wa mtandaoni anayenifundisha karata anasema shajara haifichwi kitu. Mdogo wangu Derick anafanya kazi hotelini Karatu. Mgeni mmoja alisahau chumbani pakiti ya karata za taroti, akangojwa, hakurudi, Derick akanitumia. Si karata za kuchezea. Zina picha: wafalme, malaika, mbwa, mwezi. Kila asubuhi unavuta moja, unaitazama, halafu unafanya jambo la vitendo. Hapa kijijini wanasema Chediel siku hizi anapiga ramli. Washamba! Ramli ni ya kujua nani kakuroga. Hii ni mpango kazi.

Basi juzi nikavuta Mnara. Jengo refu limepigwa radi, watu wanadondoka kichwa chini. Nikatoka nje, nikatazama huku na huku. Kwetu kitu kirefu ni kimoja tu, banda la kuku la Rahel, lile aliloliinua juu ya miti. Mtu mwenye akili angengoja lianguke? Nikalibomoa mwenyewe, taratibu, bila kumjeruhi kuku hata mmoja. Usiku kicheche akaja. Asubuhi tukaokota manyoya.

Rahel alisema lile banda alilijenga kwa mikono yake, na lilikuwa imara kuliko nyumba ninayolala. Alisema kwa Kinyaturu. Akishaingia kwenye Kinyaturu najua mambo yameharibika.

Taratibu za kwao nazijua. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume anamfuata na mbuzi na mzee wa kumsemea. Anakaa uani, anakiri kosa, anamchukua mkewe. Baba mkwe wangu, Mzee Antipasi, ameshatuma neno: atanisikiliza Jumamosi. Nikishindwa, Rahel atapewa kipande cha shamba alime hukohuko. Hukohuko! Mwanamke akishapewa shamba kwao, wewe mume hesabu umeachwa.

Na alizeti yetu imeshakauka shambani, inangoja kukatwa. Lakini sina wasiwasi. Nina karata.

Jumanne, 6 Mei

Karata ya leo: Mtawa. Mzee wa ndevu kasimama gizani, kashika taa. Haina haja ya kuumiza kichwa. Natakiwa kutafuta mzee mwenye taa.

Urbano akaja bila kuitwa. Huyu ni jirani yangu, sote tunauza kuku barabarani, ila yeye abiria wa mabasi wanamwita kwa jina na mimi wananiita wewe. Akashauri nimchukue Mzee Gabrieli, kwa sababu ndiye aliyenisemea wakati wa kuposa na Mzee Antipasi anamheshimu. Nikamuuliza kama Mzee Gabrieli ana tochi. Akasema tochi ya nini, kikao si cha mchana? Nikamhurumia. Kuna watu mafumbo hayawahusu.

Nikaenda kwa Mzee Mathayo. Yeye hutembea na tochi kifuani, imefungwa kamba, hata jua likiwa utosini. Nikampa shikamoo, nikaeleza shida yangu. Hasikii vizuri, nikaeleza tena kwa sauti, na sasa mtaa mzima unajua. Aliposikia jina la Antipasi macho yalimwaka. Akasema miaka na miaka anatafuta nafasi ya kukaa na huyo mtu. Nimefurahi kupata mzee mwenye ari.

Jumatano, 7 Mei

Mtu Aliyening'inizwa! Kafungwa mguu mmoja, kichwa chini, na uso wake umetulia kabisa. Maana yake: tulia, usifanye lolote, tazama mambo kwa upande mwingine. Nilipanga kukata alizeti leo. Karata imekataa, nifanyeje?

Nikalala chini sebuleni, miguu nikaiegemeza ukutani. Si kazi rahisi. Damu inajaa masikioni na visigino vinateleza. Nilivumilia.

Mara simu. Jesca, shemeji yangu, mdogo wake Rahel. Kwa sauti ya huruma akauliza kama ni kweli naumwa. Nikaona mlango huo umefunguka! Nikakohoa. Nikasema hali si nzuri, kifua, mgongo, na sijaonja chakula tangu dada yake aondoke. Akasema pole sana shemeji. Halafu akauliza, hiyo miguu ukutani ni dawa ya kifua au ya mgongo? Nyuma yake watu wakaangua kicheko. Mmoja alikuwa Rahel. Kicheko chake nakijua, huanzia puani.

Urbano huyo! Nilimwona akipita na toroli la maji, akachungulia dirishani. Umbea wake unafika Sepuka kabla ya bodaboda. Hata hivyo, Rahel amecheka, na mke anayecheka bado hajapotea. Nimehesabu hiyo kuwa faida.

Jioni nilipita shambani. Ndege wameanza kula alizeti upande wa bondeni. Nimewarushia mawe na matusi. Kesho nakata bila kukosa.

Alhamisi, 8 Mei

Sikukata.

Nilivuta Wapenzi. Mwanamume na mwanamke, uchi kama walivyozaliwa, malaika juu yao. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Nikaiweka mezani niitazame vizuri, na hapohapo akaingia Mzee Mathayo kuja kujaribu hotuba yake. Hakubisha hodi. Nikaifunika karata kwa mkono, lakini mkono wangu mdogo na watu wawili ni wengi.

Akauliza hiyo ni picha gani. Yeye ni mzee wa kanisa! Nikasema ni Adamu na Hawa. Akawasha tochi, akawamulika, akamulika na malaika. Akasema katika Biblia yake hawakuchorwa wamejiachia namna hiyo. Nikasema hii ni tafsiri mpya. Akaitia mfukoni akamwonyeshe mchungaji. Kwa hiyo sasa pakiti yangu haina mapenzi.

Hotuba yenyewe ni nzuri, ina sauti. Ila imejaa habari za dume la ng'ombe. Sikuelewa dume limeingiaje kwenye ndoa yangu. Nikadhani ni methali ya wazee, nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Jumamosi, 10 Mei

Nitajitahidi kueleza kwa utaratibu.

Karata ya asubuhi ilikuwa Malkia wa Vikombe. Mama amekaa kitini, kashika kikombe. Ujumbe: achana na wafalme, zungumza na malkia. Na malkia ni nani kama si mama mkwe wangu, ambaye chai yake inasifiwa na watu waliokunywa mara moja tu?

Tulifika Sepuka salama, mimi, Mzee Mathayo na beberu mweupe. Tukapewa viti uani. Wazee wa ukoo walikuwepo. Salamu zikaenda vizuri. Mzee Mathayo akasimama, akawasha tochi mchana kweupe, akaanza. Hakuanza na Rahel. Alianza na dume alilomwazima Antipasi wakiwa vijana, likarudi linachechemea. Kumbe si methali! Ni dume! Mzee Antipasi naye akasimama, akasema lile dume lilikuja kwake likiwa linachechemea tayari, na mashahidi wapo, isipokuwa wamekufa. Wakasahau kama nipo.

Nikasema moyoni, wafalme ndio hawa wanapigana. Nikanyanyuka kama mtu anayekwenda chooni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni.

Najua. NAJUA! Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hampi mkono, hapishani naye mlangoni, akimwona njiani anashika vichaka. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Lakini karata ilisema malkia, na malkia alikuwa jikoni. Angekuwa sebuleni ningemfuata sebuleni.

Alikuwa anasonga ugali. Nikasema shikamoo mama. Alipiga ukelele, akajifunika kanga uso mzima, akatoka mlango wa nyuma na mwiko mkononi, akagonga kuta mara mbili kwa sababu haoni. Rahel alikuwa pale pale, kashika sinia. Aliniangalia tu. Hakusema Kinyaturu, hakusema Kiswahili. Hilo liliniuma kuliko ukelele.

Wazee wakarudi kikaoni. Shauri la mke likawekwa pembeni kabla halijafunguliwa, likafunguliwa la jikoni. Walikubaliana upesi ajabu, hata Mathayo na Antipasi wakawa kitu kimoja: kuingia jikoni kwa mkwe, faini ni mbuzi. Mbuzi si huyu hapa? Akachinjwa. Mbuzi wangu wa kumrudisha Rahel ameliwa kwa kosa la jikoni! Kwa Rahel nije siku nyingine, na mbuzi mwingine, na mzee mwingine. Sikupewa hata kipande cha utumbo. Mzee Mathayo alipewa mguu mzima, akarudi nao kaukumbatia kwenye bodaboda, ananipigia kelele sikioni kwamba kikao kimekwenda vizuri sana.

Jumapili, 11 Mei

Nimekula ugali na chumvi. Nyumba imenyamaza. Kumbe maneno yote ya nyumba hii alikuwa anasema Rahel, mimi nilikuwa naitikia tu. Namkumbuka. Naandika wazi, si mtu anayesoma hapa: namkumbuka mpaka tumbo linauma, na si kwa sababu ya ugali.

Nikavuta karata. Mpumbavu. Kijana kaangalia juu, kabeba kifurushi, anaelekea kutumbukia korongoni, mbwa anamkatazakataza. Nikafikiri sana huyu ni nani. Nikapita mtaa mzima akilini. Ni Urbano, hakuna mwingine. Pamoja na yote aliyonifanyia nikaona si ungwana kumwacha jirani atumbukie, nikaenda kumwonya.

Mkewe akasema Urbano hayupo, tangu watoke ibadani yuko shambani kwangu. Shambani kwangu! Nikachukua panga, nikakimbia. Mwizi wa alizeti hatimaye kajulikana!

Nikamkuta Urbano anakata vichwa vya alizeti na kutia kwenye viroba. Na mbele yake, kajifunga kanga kiunoni, anakata kwa kasi ya watu wawili, Rahel wangu.

Nilisimama na panga langu kama niliyekuja kusaidia. Rahel hakusimamisha kazi. Akasema, Baba Pendo, usifikiri nimerudi. Amesikia ndege wanamaliza alizeti aliyoipanda na kuipalilia mwenyewe, akamwomba baba yake ruhusa aje kuvuna. Alimpigia Urbano amwazime viroba, na Urbano akaja na mikono pia. Akimaliza kuvuna na kuipiga itoe mbegu, ndipo atakapoamua kama anakaa au anarudi Sepuka kulima kwao. Kwa sasa analala chumba cha Pendo, maana binti yetu yuko bweni.

Nikakata mpaka jua likazama. Sikumwonya Urbano. Nilisahau.

Jumatatu, 12 Mei

Leo tumepiga alizeti uani, Rahel na mimi, kila mtu na fimbo yake. Nikajaribu kusema kwamba ile siku ya banda nia yangu ilikuwa njema. Akaweka fimbo chini, akakaa juu ya kiroba kilichojaa.

Akasema kwa Kiswahili, polepole, na ndiyo maana nilisikiliza. Kwamba hakuondoka kwa sababu ya kuku. Kuku wanazaliwa. Aliondoka kwa sababu kabla ya kubomoa banda nilikuwa na mke hatua chache tu kutoka hapo, anafua, na sikumuuliza. Na wiki nzima hii nimeuliza makaratasi, nimeuliza Mathayo ambaye hasikii, nimekwenda kumtisha mama yake jikoni, na simu yake Rahel ilikuwa imewashwa muda wote. Sikumpigia hata mara moja kumuuliza yeye anataka nini. Hilo tu ndilo alilokuwa analingoja. Akasema bado analingoja. Akaokota fimbo, akaendelea kupiga.

Macho yalinichonyota, na haikuwa vumbi. Ni kweli tupu! Miaka yote hii nimevuta mambo kwa upande wangu, sijawahi hata siku moja kufikiri Rahel anataka nini. Nimejiona mdogo. Nimeazimia kubadilika, tena si kesho, leo hii.

Kwa hiyo alipoingia kuoga nikazichanganya karata vizuri, nikafumba macho, nikauliza kwa moyo wote: Rahel anataka nini? Nikavuta.

Gari! Gari lenyewe, na magurudumu yake, na mtu kasimama ndani kwa fahari. Kumbe mwanamke alikuwa anataka chombo cha usafiri, na mimi nimekaa tu! Gari litanishinda, lakini pikipiki haishindikani. Edward wa bodaboda anauza yake, inawaka ukiisukuma. Na alizeti ndiyo hiyo, viroba vyote vimejaa na vimefungwa. Mnunuzi anapita kesho mapema, nitamuuzia Rahel akiwa kisimani.

Sitamwambia. Nataka aikute tu uani.