Kichwa cha Nyumba na Mkate wa Meza ya Bwana

Jumanne, 4 Machi
Basi ndiyo hivyo, Elvira, andika: mume wangu Macario ni kichwa cha nyumba hii, na mimi ndiye niliyemweka. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa! Mji mzima wa Almolonga hakuna mke mtiifu kama mimi. Jumapili mchungaji anachagua wanandoa wa mfano. Mume anasimama mbele, anashuhudia, na mke wake ndiye anayeoka mkate wa Meza ya Bwana. Mkate huo ni wangu. Usipunguze, mkwe wangu. Andika hivyohivyo: ni wangu.

Jumatano, 5 Machi
Yule Tránsito! Mke wa muuza vitunguu, yule ambaye mama yake alikuwa na yule mbuzi... haya, tuyaache. Siku hizi akienda ibadani anatembea hatua tatu nyuma ya mumewe. Maonyesho tu! Mimi leo nimetembea kumi. Sasa Macario bila mimi ubavuni haoni njia, ikabidi nimwelekeze kwa sauti: kushoto, baba! Kushoto! Akageuka anisikilize vizuri, akatumbukia kwenye hodhi la kuoshea karoti. Kofia ikaelea. Tránsito akaniuliza, dada Eduviges, huo ni utii au umeajiriwa trafiki? Nikamwambia nitamwombea.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwagiza Macario aamue jambo moja, ili nilitii majirani wakiona. Akaniuliza, niamue nini, mama Rubén? Nikamwambia hiyo kazi yako, kichwa ni wewe. Akakaa akafikiri tangu kahawa ya asubuhi mpaka mahindi yakaiva. Akaamua tule maharage. Nikamwambia hapana, kuku nimeshamchinja, amua tena. Akaamua supu ya kuku. Nikatii papo hapo! Moyo ulinijaa, we acha tu. Halafu nikamkaririsha ushuhuda: mke wangu hunitii, mke wangu hunyamaza. Mara ishirini. Mtaa mzima ulinisikia.

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Hapana, futa, mimi siaibiki. Macario kasimama mbele na koti lake la harusi. Mchungaji akamuuliza nani kichwa nyumbani kwako. Macario akaniangalia mimi! Kanisa likacheka, Tránsito akacheka mpaka shali ikamdondoka. Nikamkonyeza aseme maneno yetu. Yote kayasahau! Akasema tu kwamba mwaka ule alipoumia mgongo, nilibeba karoti zake kwa mgongo wangu miezi saba, na hakuna siku niliyomwambia amenielemea. Ndiyo maana akikwama hunitazama. Wanawake leso machoni. Na mimi nawaka: hilo hatukulifanyia mazoezi!

Mchungaji naye akapangusa miwani. Akasema wake wameambiwa watii, sawa, lakini waume nao wameambiwa wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa, mpaka kujitoa. Na nusu hiyo ndiyo tunayoisinzilia. Kwa hiyo mwaka huu mkate ataukanda mume. Akampa Macario. Macario! Mtu hajui unga unakaa wapi!

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka nimeelewa. Tumeshinda! Tránsito hakupata hata makombo, leo sokoni kapita kichwa chini, na mimi kidevu juu. Na fundisho nimelishika barabara. Macario atakanda kama kichwa, mimi nitakaa kimya, nitatii. Nimemwambia hivyo mara tatu tangu asubuhi. Unaniona nimekaa barazani, mikono mapajani, jikoni siingii. Nani mwingine angeweza? Hata mke wa mchungaji asinge...

Umesikia? Ananiita. Anauliza chumvi kiasi gani. Kichwa cha nyumba anauliza chumvi!

Nishikie hii shali, Elvira. Naenda kumwamuru aamue mwenyewe. Vijiko viwili.