Petroli ya Maranda

Mume wangu aliacha kazi siku aliyogundua kwamba maranda ya mbao ni petroli iliyolala.

Aliacha kwa kishindo. Alisimama katikati ya karakana ya baba yangu, anakopiga msasa tangu tuoane, akavua aproni.

"Baba, Jumamosi napanda kilima na pikipiki inayokunywa maranda yako. Nikifika juu, mimi na msasa basi!"

"Na usipofika?" Baba aliuliza huku akipima ubao.

"Narudi kupiga msasa mpaka nizeeke!"

Jikoni kwangu pipa likachukua nafasi ya meza. Mhandisi, kama alivyotaka tumwite, alinieleza kama anahutubia bunge. Vimeng'enya vinavunja maranda yawe sukari, hamira inakula sukari na kutoa spiriti, spiriti inaendesha pikipiki. Maelezo hayakuwa na kasoro. Lakini amepika gundi ya mbao maisha yake yote, na gundi hupikwa mpaka itokote. Hamira ilipoingia tu pipani, akachochea moto.

"Mbona inatokota?" nikauliza.

"Inafanya kazi, mke wangu! Sikiliza inavyohangaika!"

Hamira ilikuwa inakufa kwa joto, maskini. Alichopata mwishoni ni maji ya sukari yenye harufu ya kabati jipya.

Jumamosi alimwaga petroli yote ya tangi mtaa mzima ukishuhudia, akajaza maji yake. Pikipiki ikawaka! Watu wakashangilia. Hata mimi nilipiga vigelegele. Ndoa ni ndoa. Akaanza kupanda kilima kutoka mlangoni pa karakana, kidevu juu, mkono mmoja akiupungia umma. Kumbe pikipiki ilikuwa inamalizia petroli iliyobaki kwenye kabureta.

Katikati ya kilima ikakohoa, ikanyamaza.

Breki zake ni za kusimulia tu. Mhandisi akaanza kurudi kinyumenyume, bado anapunga, maana hakujua aupeleke wapi ule mkono. Mashabiki wakampisha kwa heshima. Akaingia mlango wa karakana mzimamzima, akatua juu ya rundo la maranda, kando ya meza yake ya kazi.

Nilikimbia nikamkuta mzima, amejaa maranda hadi masikioni.

"Baba, kitaalamu..." akaanza.

Baba alitazama saa ya ukutani, kisha akampa msasa.

"Umechelewa," akasema.